Uji Vuguvugu

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe unayekula ukakonda. Simwandikii anayekonda kwa njaa. Ugonjwa wa huyo unajulikana mji mzima. Namwandikia yule anayemaliza sahani, akaongeza nyingine, na bado sketi inamzunguka kiunoni mpaka zipu ya nyuma inakuja mbele. Mimi nilikuwa hivyo kwa kiangazi kimoja na misimu miwili ya mvua. Sasa niko kwenye chupa ya nne ya dawa, mashavu yamerudi, na naweza kukaa kwenye benchi la kanisa misa nzima bila kutafuta upande wa kuegemea.

Nianze na jambo ambalo wagonjwa wengi hawalisemi. Nilikuwa na wivu. Watu hudhani mgonjwa anashikwa na hofu, au na huzuni, au anaanza kusali sana. Mimi nilishikwa na wivu, asubuhi hadi jioni, kwa kila mtu mwenye tumbo linalofanya kazi. Nina kazi kwenye ofisi ya watu wa forodha, ninapiga mashine makaratasi ya mizigo. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa akila ugali wa muhogo na sombe, kisamvu kinachoelea kwenye mafuta ya mawese, anajipangusa mdomo, anarudi kwenye mafaili yake. Hakukumbuka hata kama ana tumbo. Nilimchukia, naye hakuwa amenikosea chochote isipokuwa kushiba.

Lakini niliyemwonea wivu kuliko wote alikuwa wifi yangu, Vumilia.

Vumilia ni dada mdogo wa mume wangu Deo. Aliolewa Masisi, kwenye vilima vya ng'ombe, akafiwa na mume, akabaki kwa wakwe zake akitengeneza jibini. Vita vilipowatoa huko alishuka kwa miguu hadi Sake, akalala miezi kadhaa kwenye hema la kambi ya wakimbizi kule Lac Vert, pembezoni mwa mji, halafu Deo akaenda kumchukua, akamleta kwetu, mtaa wa Mapendo. Alifika na kitenge kimoja, sufuria moja, vikopo vitatu vilivyotobolewa matundu ya kuchujia jibini, na kichupa cha présure alichokificha ndani ya soksi. Présure ndiyo dawa inayogandisha maziwa yawe jibini. Hutolewa kwenye tumbo la ndama, na mtu wa Masisi anaweza kuacha godoro nyuma lakini siyo hiyo.

Siku ile yeye alikuwa mifupa mitupu na mimi nilikuwa mama wa kujaa mlango. Nilimgawia nguo zangu kwa moyo mweupe, naapa. Baada ya miezi mitatu nguo zilezile zilikuwa zinambana yeye, na mimi nilikuwa navaa blauzi za binti yangu Aline, wa miaka kumi na sita.

Nitasema pia habari ya choo, maana daktari atakuuliza na utaona aibu, kwa hiyo bora uanze kuzoea hapa. Choo changu kilikuwa cheupe kama udongo wa kupaka ukuta, kina mafuta juu, na kilikataa kuzama. Unamwaga ndoo ya maji, kinazunguka, kinarudi kukutazama. Harufu yake iliwafanya watoto wangu waanze kuamka mapema ili waingie kabla yangu. Tumbo lilivimba kila baada ya chakula na kunguruma hata kwenye misa, wakati wa kimya. Nywele zilibaki kwenye kitana. Pete ya ndoa niliifunga uzi ili isidondoke.

Na wakati huo Vumilia alikuwa ameshika jiko. Hakuna aliyempa, aliingia siku ya pili na likawa lake. Deo, mwalimu wa watu, ambaye kwa miaka kumi na saba alikula chakula changu bila neno lolote, akaanza kuuliza mezani, "Vumilia, hii maharagi umeitia nini?" Watoto walimkimbilia yeye wakitoka shule. Maziwa yakija kutoka upande wa Masisi, alitengeneza jibini la mviringo, akaliweka kwenye ubao, na wanawake wa avenue yetu wakaja kununua na kukaa. Walikuwa wanacheka naye mlangoni kwangu, na mimi niko kitandani nasikiliza tumbo langu.

Ni lazima ujue desturi moja ya kwetu. Mtu hampi mwenzake chakula hivi hivi. Chupa inafunguliwa mbele ya anayekunywa, na anayepakua anaonja kwanza, ili kila mmoja aone kwamba hakuna kitu ndani. Vumilia hakuwahi kuiacha desturi hiyo. Alikata kipande cha jibini, akala yeye, akakata cha pili, akanipa mimi. Uji vilevile: kijiko kimoja kwake, kisha kikombe kwangu.

Mwanzoni mwa mvua za Septemba jirani yangu, Mama Chantal, alikuja kunitazama. Tunasali naye kwenye shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa avenue yetu inayokutana kila Alhamisi jioni. Alikaa kando ya kitanda, akanikagua mikono.

"Mama Aline, ule mwanamuke anakulaka sahani moja na weye?"

"Moja."

"Yeye ananenepa, weye unakauka."

"Anaonjaka mbele yangu."

"Anaonja na kidole gani? Karuho inakaaka chini ya kucha. Upande yake ni muzuri, upande yako njo inabakia nayo."

Karuho ni sumu ya polepole. Kwetu husemwa kwamba mtu hupewa na ndugu au jirani mwenye kijicho, ikamkausha kidogo kidogo. Kila familia ina mtu aliyekufa nayo, kwa maneno ya watu. Ningeweza kumcheka Mama Chantal. Lakini lile neno liliingia mahali palipokuwa tayari pamechimbwa. Nilikuwa nimekwisha mwonea Vumilia wivu bila sababu, na sasa nilipewa sababu.

Nilikwenda kwa mzee mmoja anayewatapisha watu karuho, nje kidogo ya mji. Alinipa kikombe cha majani ya kijani, machungu ya kukunja uso. Nilitapika mpaka nikaona nyota mchana. Akaniinamia akaonyesha povu kwenye beseni, akasema, "Unaona? Karuho njo yenyewe hii." Leo najua kwamba kikombe kile kingemtapisha hata fahali. Siku ile nilirudi nyumbani nimebeba ushahidi.

Jumapili baada ya misa Vumilia alikata jibini mezani, akaonja, akaninyoshea kipande. Nikasema mbele ya wote, "Miye sikule tena kitu ya mukono yako. Nimetapika karuho yako yote."

Vumilia alitazama vidole vyake, akatoka nje, akaazima wembe kwa jirani, akarudi akiwa amekata kucha zote kumi mpaka kwenye nyama. Vidole viwili vilikuwa vinatoka damu. Akaiweka mikono juu ya meza, mbele ya sahani yangu.

"Angalia," akasema.

"Unakata leo sababu ulishamaliza kazi," nikamwambia.

Deo alinyamaza. Ndivyo alivyo, na sijui kama nimemsamehe kwa hilo. Vumilia alifunga sufuria yake na vikopo vyake, na Deo akamsindikiza kurudi Lac Vert, akampangishia chumba cha mbao karibu na kambi. Ilipofika Alhamisi, shirika lote lilikuwa na habari. Mama Chantal hakuwa amelala. Wanawake wawili walikuja kunirudishia jibini walilokuwa wamenunua, kama vile mimi ndiye muuzaji.

Nikaanza kupika mwenyewe, kwa mikono yangu, na sufuria nikaificha chini ya kitanda. Nikaendelea kukonda. Sumu ilikuwa imehama nyumbani, na kilo zangu zikaendelea kuifuata.

Wiki ya tano tangu Vumilia aondoke ndipo Deo aliponipeleka hospitalini. Kuhusu benchi za hospitali ningeweza kuandika kitabu kizima. Niliketi kwenye benchi la maabara, benchi la malipo, benchi la echo, ile mashine inayopiga picha ya tumbo, na benchi la nje ambako unangoja kuambiwa ungoje benchi gani. Walinipima typhoid, minyoo, ukimwi mara mbili, sukari, kifua. Kila jibu lilikuwa hapana, na nilikuwa nawatazama waliopata ndiyo. Mama mmoja pembeni yangu aliambiwa ni typhoid. Alipewa dawa za siku chache, akasimama, akafunga kitenge vizuri, akaondoka akimpigia mumewe simu. Nilimwonea wivu wa typhoid yake. Ukifika hapo, ujue si wewe peke yako uliyefika.

Echo ndiyo iliyosema. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Aliniambia kongosho langu, yeye aliliita pancréas, limechoka na lina vijiwe. Nikamuuliza hilo kazi yake nini. Hakunichorea. Alichukua mkono wangu, akaweka kalamu yake juu ya kiganja.

"Funga, Mama."

Nikafunga.

"Unaona? Mukono imesikia kalamu, ikajikunja juu yake. Mu pancréas kunatokaka bintu bidogo sana, tunabiita enzymes. Ni mashine, mais haiko ya chuma. Ni laini, sawa hii mukono. Inasikia kipande ya mafuta, inajikunja, inaikata, inafunguka, inatafuta ingine. Hakuna mutu anaituma."

"Na ile yangu?"

"Yako imebakia kidogo sana. Chakula inapita tu, hakuna mwenye kuishika."

"Na karuho?"

Alinitazama, naona si mimi wa kwanza kumuuliza. "Karuho haiachake mawe mu pancréas, Mama."

Vitabu vya shule vinaviita vimeng'enya, lakini mimi tangu siku ile naviita mikono. Nilirudi kwenye benchi nikitazama kiganja changu. Watu wote waliokaa pale walikuwa na mikono hiyo midogo tumboni, wamepewa bure, inafunga na kufungua bila wao kujua. Mbwa aliyelala chini ya mti wa hospitali alikuwa nayo. Nilimwonea wivu mbwa.

Kuna jambo la siku ile ninaloliona aibu kuliko choo. Nilijua palepale kwamba Vumilia hana kosa. Ningeweza kupanda pikipiki niende Lac Vert mchana uleule. Nilijiambia sina nguvu. Ukweli ni kwamba alikuwa mzima, na sasa alikuwa pia na haki, na sikuweza kuvumilia awe na vyote viwili.

Dawa haikupatikana mjini. Binamu wa Deo aliileta kutoka ng'ambo ya mpaka, chupa nyeupe ya gélules, vidonge vya ganda linalofunguka, na ndani ya kila gélule punje ndogondogo za rangi ya mchanga. Ni mikono ya kuazima, inatolewa kwenye kongosho la nguruwe. Muuguzi alinieleza: meza mbili pamoja na tonge la kwanza, kila unapokula. Kinywa changu kilikuwa kimejaa vidonda, nikamwambia siwezi kumeza. Akasema, "Basi fungua, ile punje uitie mu kitu laini," na akaendelea kusema mengine. Nusu ya pili sikuisikia. Mbele yangu mwanamke mmoja alikuwa anakula andazi. Alilikunja, akalichovya kwenye chai, akalila lote, akalamba mafuta kwenye kidole gumba. Nilikuwa nimemkazia macho yule mwanamke mpaka muuguzi alipoacha kuongea.

Kitu laini nilichokuwa nacho ni uji. Kwetu uji unanywewa ukitoa moshi, uji uliopoa ni wa mtu asiye na kuni. Kila asubuhi niliumimina kutoka kwenye moto, nikafungua gélules, nikamwaga punje, nikakoroga, nikapuliza, nikanywa. Mchana na jioni nilifanya hivyo kwenye supu. Nilifuata kwa uaminifu kuliko rozari.

Chupa ya kwanza ikaisha na hakuna kilichobadilika. Choo kiliendelea kuelea. Nilikuwa nimefika mahali ambapo Aline ananiosha mgongo na naona kwenye uso wake kwamba anahesabu mifupa. Miadi ya daktari ilikuwa bado, na chupa ya pili ilikuwa mezani, nami niliiogopa, kwa sababu kama nayo ingeshindwa hakukuwa na jina jingine la kutafuta.

Siku moja, akinikausha kwa taulo, Aline akasema, "Mama, miye naendaka kwa Tantine Vumilia kila Samedi."

Hata hilo nililionea wivu, nikiwa sina nguvu ya kuvaa nguo mwenyewe.

"Ameuliza ile dawa unaikunywaka namna gani. Nikamuambia. Akaniuliza tena."

Jumamosi iliyofuata Vumilia alikuja. Ilikuwa asubuhi ya mvua, maji yanapiga mabati. Alikuwa amepungua. Hakuingia jikoni, alisimama kwenye kizingiti, mikono ameifunga ndani ya kitenge.

"Karibu," nikasema, kwa sauti ambayo haikukaribisha.

"Niko muzuri hapa. Fanya buyi yako sawa siku zote, Mama Aline. Miye naangalia tu."

Nikamimina uji kikombeni, nikafungua gélules mbili, nikakoroga.

"Hii dawa inatokaka wapi?"

"Mu tumbo ya nguruwe."

"Ni ya tumbo. Sawa présure yangu." Akaelekeza kidevu kwenye kikombe. "Weka mukono mu kikombe."

"Inachoma."

"Weka."

Niligusisha upande wa ndani wa kifundo cha mkono kwenye uji, nikauondoa haraka.

"Unaweka présure mu kitu ya kuchoma," akasema, "halafu unangoja ifanye kazi."

Alimwambia Aline amimine maziwa kwenye vikombe viwili. Kimoja Aline alikichemsha mpaka maziwa yakainuka. Kingine alikipasha moto kidogo tu, akapima kwa kifundo cha mkono, joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kichupa cha présure Vumilia alikiweka sakafuni na kukisukuma kwa mguu mpaka kwa Aline. Kisha akairudisha mikono ndani ya kitenge, na haikutoka humo tena mpaka mwisho. Nilielewa. Hakuwa tayari kugusa kitu chochote cha jiko langu.

Aline akatia tone kwenye kila kikombe, tukangoja. Mvua ilinyesha, ikapungua. Halafu Aline akakiinamisha kile cha vuguvugu, na maziwa hayakumwagika, yalikuwa yameganda kama yai. Kile kingine kilikuwa kimekwisha poa. Alikiinamisha, maziwa yakakimbia kama maji.

"Sasa imepoa," Aline akasema. "Si itashika?"

"Hata kesho. Présure ikishapikwa imekufa. Haisikie tena maziwa."

Nikakumbuka kalamu kwenye kiganja changu. Mkono uliopikwa haufungi. Chupa nzima, mikono ya kuazima iliyovuka mpaka kwa ajili yangu, nilikuwa nimeipika kikombe kwa kikombe na kunywa maiti yake.

Ningependa kukuandikia kwamba nilimshukuru. Nilimwonea wivu kuliko siku zote. Nina diploma, nimekaa kwenye benchi zote za hospitali ile, na huyu aliyeacha shule mapema alisimama kizingitini, mikono imefungwa, akalijua tumbo langu kuliko mimi.

"Nimekuya juu ya batoto," akasema. "Bakia muzuri." Akaokota kichupa chake, akaondoka.

Baadaye muuguzi aliniambia kwamba alikuwa amenionya nisiweke kwenye kitu cha moto. Alikumbuka hata yule mama wa andazi.

Vidonda vya kinywa vilipona kidogo, nikaanza kumeza gélules nzima na tonge la kwanza, na uji nikauacha upoe mpaka kifundo cha mkono kiukubali. Siku ya nne kitu kilizama chooni. Nilisimama pale na ndoo mkononi, nikacheka peke yangu. Wiki ya pili tumbo likaacha kuongea kwenye misa. Kabla ya Pasaka nilifungua uzi wa pete. Hizi ndizo rehema zilizonifikia, hakuna hata moja kubwa, na kila moja niliipigia hesabu.

Nilikuwa katikati ya chupa ya pili wakati Deo, yule mnyamavu, aliporudi kutoka Lac Vert akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Nguo zako zinaanza kukuenea," akasema. "Yeye zake zinaanza kumulegea."

"Hauzishe jibini?"

"Nani atanunua? Bote banajua. Anafuliaka batu nguo."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya kwa ukubwa wake. Mwanamke huyu alikuwa amepoteza mume, ng'ombe na nyumba. Alichobaki nacho kilikuwa mikono miwili ambayo watu walikubali kula kilichotoka humo, na hicho ndicho nilichokichukua, kwa sentensi moja, siku ya Jumapili, kwa sababu alishiba.

Nilikwenda. Nilimkuta kwenye mawe meusi ya lava nyuma ya chumba chake, ameanika nguo za watu. Nilisema nilikosa. Sikutafuta maneno mazuri, nilisema pia kwamba nilikuwa na wivu naye na kwamba sijaacha.

Alikamua shati alilokuwa nalo mpaka likaisha maji. "Uliniambia mbele ya batu," akasema. "Unaniomba pardon nyuma ya nyumba."

Alhamisi hiyo tulifika kwenye shirika pamoja, yeye na jibini lake kwenye ubao. Baada ya sala nilisimama. Nikasema karuho haikuwepo, ugonjwa wangu una jina, na neno lile lilitoka kinywani mwangu kwa kijicho. Watu walitazama chini. Vumilia akachukua kisu ili aonje kwanza, kama kawaida yake. Nikamshika mkono. Nilikata mimi, nikameza gélules mbili mbele yao, nikala. Jibini ni mafuta matupu, na sikuwa nimeligusa tangu ile Jumapili. Nilikata tena, nikala tena. Hakuna aliyenyosha mkono. Mama Chantal alipokea kipande, akakifunga kwenye karatasi, akasema atakula nyumbani.

Sikuwalaumu. Walikuwa wanangoja kuona kama nitakufa. Juma lile walipita mlangoni kwangu kuliko kawaida, wakiuliza hali, wakinikagua shingo. Nilikula jibini la Vumilia kila siku, nimekaa nje barazani ili anayetaka kuona aone. Na badala ya kukauka nilinenepa. Mashavu yangu ndiyo yaliyomtetea, maana kwa maneno hawangenisadiki. Wiki ya tatu mama mmoja alinunua kipande, kisha wawili, na mvua za Aprili zilipokuwa zinaisha walikuwa wamerudi kukaa na kucheka, safari hii mpaka Lac Vert. Mama Chantal alinunua jibini zima.

Vumilia alikubali kurudi Mapendo nilipoanza chupa ya tatu. Wanawake wakaanza tena kucheka naye mlangoni kwangu, na watoto wakaanza tena kumkimbilia, na Deo akaanza tena kuuliza maharagi yametiwa nini. Wivu haukupona. Daktari anasema dawa hii ni ya maisha, kongosho halitarudi, na nadhani na ugonjwa ule mwingine, wivu, uko hivyo, nameza na tonge la kwanza na kuendelea.

Kucha zake zimeota, lakini anazikata fupi sana. Na tangu arudi, kila asubuhi, anapopakua uji wangu anaupima kwa kifundo cha mkono, kisha anachukua kijiko, anaonja mbele yangu, anasubiri kidogo, ndipo ananipa kikombe. Sijui kama ni desturi au ni jibu lake kwangu. Sikuthubutu kumuuliza.

Leo asubuhi alipima uji, akanyosha mkono kuchukua kijiko. Nilikichukua kikombe kabla hajakishika. Akabaki amesimama, kijiko hewani, akinitazama. Nikameza gélules zangu mbili na kunywa. Uji ulikuwa vuguvugu.